Honi Si Shikamoo

Gaspari Njiku,
Ilongero,
Singida.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: GARI LINALOBEBA WANAFUNZI WAKO KUNIPIGIA HONI BADALA YA KUNIAMKIA

Kabla ya yote tumalize kwanza jambo la salamu, maana ndilo lililonikalisha chini kuandika. Mimi nina miaka sabini na saba. Kama wewe umenizidi, shikamoo. Kama hujanizidi, marahaba. Sikuweza kuuliza umri wako mapema kwa sababu sina namba yako, na mjukuu wangu ambaye angeniulizia hatuongei vizuri wiki hii. Kwa hiyo chukua inayokuhusu, hiyo nyingine uiache hapohapo kwenye karatasi.

Naitwa Gaspari Njiku. Ukifika Ilongero hutauliza mara mbili. Mimi ndiye niliyekuwa na baiskeli ya Swala wakati mwalimu mkuu wa hapa anatembea kwa miguu. Alikuwa anakuja kuniazima, nami nilikuwa namnyima kwa adabu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Nilisoma elimu ya watu wazima, darasa la jioni, nikapewa cheti, na mwalimu alisema mbele ya watu kwamba herufi zangu ni kubwa kuliko za wote. Ukiona mahali nimefuta, si kwamba nilikuwa sijui. Ni kalamu.

Barua zangu huwa anaandika mjukuu wangu Asnath. Hii hakuweza kuiandika kwa kuwa yeye ndiye kesi. Asnath ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili, anasoma ununuzi na ugavi. Nilimwambia kununua na kugawa hata bibi yake anajua bila chuo, akasema kuna njia za kitaalamu. Sawa. Mama yake, binti yetu Rahabu, aliolewa mbali akatuachia mtoto angali mdogo, tukamlea mimi na bibi yake Yustina, na ninaweza kusema bila kujisifu kwamba amefika chuo kwa sababu yangu. Yustina alipika.

Tangu aanze masomo Asnath analala hapa nyumbani, asubuhi anakwenda mjini chuoni, jioni anarudi. Mwaka wa kwanza alikuwa anapelekwa na kijana Frank wa bodaboda. Huyo sina ugomvi naye. Alikuwa akifika anazima pikipiki, anashuka, anavua kofia ngumu, anasema shikamoo, anauliza ng'ombe wameamkaje, ndipo anampakia mtoto. Lakini upepo wa Singida unaujua mwenyewe. Asubuhi za mwezi wa saba, juu ya pikipiki, mtu anafika chuo macho yanamtiririka kama ametoka msibani. Basi mwaka huu wanafunzi wa huku kwetu wakakubaliana, wakamtafuta Miraji mwenye gari la Noah, awe anawapitia nyumbani kwao mmoja mmoja asubuhi na kuwafikisha chuoni, na jioni awarudishe. Ulikuwa mpango mzuri. Kama ningeulizwa ningeupitisha. Lakini sikuulizwa, na matokeo yake ndiyo haya, nayaweka kwa namba ili usipotee.

1. Gari linapiga honi.

Siku ya kwanza nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu langoni, mahali ninapokaa kila asubuhi ili wanaopita wasipate tabu ya kunitafuta kuniamkia. Noah ikaja, ikasimama mbele yangu, karibu kiasi kwamba ningeweza kuigusa kwa fimbo. Miraji ananiona. Mimi namwona. Akapiga honi. Asnath akatoka mbio, akaingia, wakaondoka. Mimi nikabaki na marahaba yangu mdomoni. Niliishikilia, Ndugu Mkuu, mpaka jua likapanda, alipopita mama mmoja na ndoo akienda bombani nikampa yeye. Alishtuka, maana alikuwa hajasema kitu.

2. Honi yenyewe ni ya mbuzi.

Mimi si mtu wa kulalamika kabla ya kuchunguza. Siku ya pili nikachunguza. Kabla ya kufika kwangu kuna mbuzi wa Chrispin, mwenyekiti wetu wa kitongoji, wana tabia ya kulala barabarani. Miraji akawapigia honi, wakaamka wakatoka. Akaja kwangu akapiga honi ileile. Haikuwa na tofauti hata chembe, na mimi nina masikio mazuri, redio ya jirani naisikia mpaka matangazo ya vifo. Sasa nisaidie wewe uliyesoma. Sauti inayomwambia mbuzi atoke njiani, ikifika kwangu inaniambia nini? Nilimuuliza Chrispin swali hilo kama kiongozi wa serikali. Akanijibu kwamba yeye anaona mbuzi wake wanaamkiwa vizuri. Nikajua uongozi huku umekwisha.

3. Wanafunzi wako hawashuki.

Siku ya tatu nikachukua hatua. Nilitoa dume langu jeupe la ng'ombe nikalisimamisha katikati ya njia. Miraji akapiga honi. Dume halikusogea, maana limelelewa hapa. Nikaenda kwenye dirisha la gari nikamwambia, "Miraji, honi si shikamoo. Shuka."

Akashuka. Nitakuwa mkweli, akishuka yule kijana ana adabu. Alisema shikamoo mzee, nikasema marahaba, nikamuuliza hali ya baba yake, ambaye nilimfundisha kulima kwa plau ingawa yeye anasema alikuwa anajua. Nikadhani tumemaliza. Kuchungulia ndani naona vichwa vingine vimejaa na hakuna hata kimoja kilichoniamkia. Mmoja ametia waya masikioni, nikafikiri anasikiliza taarifa ya habari. Nikawaomba washuke nao. Wa kwanza kushuka alikuwa huyo wa waya, anaitwa Philipo. Sijui mmemfundisha nini huko. Aliniambia, "Mambo, babu." Nikamrudisha ndani ya gari, nikafunga mlango, nikaufungua tena ili aanze upya.

Kila aliyeniamkia nilimuuliza ni mtoto wa nani, wa ukoo upi, na babu yake alizikwa wapi. Hiyo ndiyo salamu. Mtu akisema shikamoo halafu hajui anamwamkia nani, wala anayeamkiwa hajui ameamkiwa na nani, hapo kuna tofauti gani na honi? Mmoja wao, binti Janeth, ni Mnyiramba wa Misigiri, anakaa kwa shangazi yake hapa Ilongero. Mnyiramba kwangu ni mtani. Siwezi kumwacha mtani apite bila kumtania, ingekuwa ni kumdharau, kwa hiyo nikamtania kidogo habari za kwao. Akaliangalia lile dume, akaniuliza, "Babu, hili dume unalifuga wewe, au ndilo limekufuga?" Nilicheka ndani kwa ndani, usoni sikuonyesha. Ilibidi nijibu, naye akajibu, na mambo ya utani hayakatizwi katikati. Wakati huo wote Asnath alikuwa ndani ya gari amejifunika uso kwa begi. Nilidhani ni upepo.

4. Mwalimu wako anafunga mlango.

Jioni Asnath akarudi, akapitiliza jikoni kwa bibi yake. Bibi yake ndiye aliyenieleza kwamba walikuta mhadhara umeanza na mlango umefungwa. Mimi nilipokuwa nasikia Asnath anawahi mhadhara nilikuwa nadhani ni ule wa dini, wa uwanjani na vipaza sauti, nikawa najiuliza mbona ni kila siku na mbona anabeba daftari. Ile mihadhara ninayoijua mimi haina mlango. Anayekuja anakuja, anayechoka anaondoka, na mhubiri anafurahi akiona watu wanaongezeka. Huu wenu wa kufungiwa ndani unaogopa nini?

Halafu kuna hili la kuchelewa lenyewe. Aliyechelewa kwa kuamkia wazee hajachelewa, yuko kazini. Mimi zamani nilikuwa napeleka ng'ombe mnadani Singida mjini kwa miguu. Nilikuwa namsalimia kila mtu njiani, wa kulia na wa kushoto, wengine nakaa nao, na ng'ombe walifika wanono kwa sababu walikuwa wanapumzika. Mara nyingi nilikuta mnada umekwisha, lakini hilo ni suala la mnada.

Kwa hiyo siku iliyofuata dume likasimama tena njiani, na iliyofuata pia, maana kuamkia si jambo la kufanya mara moja likawa limeisha. Mwisho wa wiki Asnath akaja akakaa chini mbele ya kigoda changu. Akasema, "Babu, wewe unaamkiwa, mimi ninafungiwa mlango." Nikamwambia kazi ni ndogo tu, amwambie mwalimu kwamba alikuwa kwa Gaspari Njiku. Akasema mwalimu hamjui Gaspari Njiku. Sikujua mnaajiri watu wa namna hiyo.

5. Gari limehama njia.

Baada ya hapo Miraji hakupita kwangu tena. Wenzake Asnath walimwambia awachukue kwa kuzungukia nyuma ya zahanati na kutokea barabara kubwa. Mimi naita huo ni utoro wa gari. Sasa Asnath anatembea kutoka hapa mpaka barabara kubwa kulifuata, kupitia kwa Chrispin na kuvuka korongo, jua halijatoka, na fisi wa huku wanamjua mtu aliye peke yake. Bibi yake anamsindikiza na tochi, na magoti ya Yustina yote mawili ni mabovu. Mimi nabaki kwenye kigoda, kwa sababu lazima mtu awepo gari likirudi.

6. Mtoto anataka kuhama.

Hili ndilo baya kuliko yote, ndiyo maana nimelichelewesha. Asnath amesema hawezi kuendelea hivi, anahamia mjini, atapanga chumba na Janeth karibu na chuo, waende darasani kwa miguu. Wao wanaita geto. Nilidhani ananitisha. Halafu nikaona Yustina anafua shuka ambazo hazikuwa chafu, nikajua limeshapangwa.

Ndugu Mkuu, naomba uelewe kwamba simzuii kwa sababu ya upendo au mambo kama hayo. Ni shughuli tu. Macho yangu yana dawa ya matone ya asubuhi na jioni, na anayenitia ni Asnath. Yustina mkono unamtetemeka, dawa yote inaishia kwenye nyusi. Redio ikihama kituo ni Asnath anayeirudisha. Jioni anasoma masomo yake kwa sauti, nami namsikiliza na kumsahihisha. Nimemsahihisha mambo mengi sana ya ugavi ambayo walimu wako waliyapitisha. Akiondoka, nani atasahihishwa?

Hapa niliacha kuandika kwa siku kadhaa. Asnath ameondoka. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Godoro lilifungwa kwenye pikipiki ya Frank, ndoo ikawekwa juu ya godoro, ndani ya ndoo sufuria na mwiko wa bibi yake. Alikuja mbele ya kigoda akainama, akasema, "Shikamoo, babu." Asubuhi alikuwa ameshaniamkia. Nikamwambia shikamoo ya pili kwa siku moja haina kazi. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akapanda nyuma ya pikipiki, akalishika godoro, wakaondoka. Frank hakupiga honi.

Kwa kuwa sasa mambo yamefika hapa, nimeyafikiria vizuri, na ninaomba yafuatayo.

Kwanza, honi ing'olewe katika kila gari linalobeba wanafunzi wako. Najua utasema ni sheria ya barabarani. Basi honi ibaki lakini iseme shikamoo. Hilo linawezekana. Nimekwenda mwenyewe kwa fundi Sixbert wa hapa senta. Kuna lori linaleta saruji hapa, likirudi nyuma linatoa sauti ya mtu inayosema gari linarudi nyuma, gari linarudi nyuma, mpaka litakaposimama. Nilimuuliza Sixbert, gari linaloweza kusema linarudi nyuma linashindwaje kusema shikamoo? Aliweka spana chini. Kisha akasema kitaalamu hakuna kinachozuia. Sauti irekodiwe ya Miraji mwenyewe, iseme mara moja kwa kila mzee, na kwa mbuzi isiseme.

Pili, hakuna dereva kubeba mwanafunzi wako mpaka afaulu mtihani wa kuamkia. Mimi niko tayari kuusimamia, bure, hapahapa langoni. Atakayesema "mambo" arudi baada ya mwaka.

Tatu, mwalimu asifunge mlango mpaka mzee wa mwisho katika njia zote zinazoingia mjini awe ameamkiwa. Utaniuliza atajuaje kama ni wa mwisho. Nitampigia simu.

Nne, na hili nilitaka kuliacha lakini tangu Jumapili naona ndilo dawa yenyewe. Chuo kihamie Ilongero. Usishtuke, nifuate pole pole. Gari likija kwangu wanafunzi wanachelewa. Gari lisipokuja, mtoto anatembea na fisi. Mtoto akihamia mjini, mzee anatiwa dawa kwenye nyusi. Gari limejaribiwa likashindwa, pikipiki imejaribiwa ikashindwa na upepo, miguu imejaribiwa ikashindwa na korongo. Kitu pekee ambacho hakijasogezwa katika habari hii yote ni chuo. Na chuo ni nini? Ni majengo na maneno. Majengo nayo ni mabati na matofali, Frank anajua vijana wenye mikokoteni. Maneno yanabebeka na mtu yeyote.

Eneo natoa mimi. Nina shamba la alizeti upande wa mashariki, kuanzia kwenye kichuguu kikubwa mpaka kwenye mawe. Chukua lote. Yustina bado hajaambiwa, lakini mimi ndiye mwenye shamba, yeye analima tu. Wakati mnajenga, darasa la ununuzi na ugavi linaweza kukaa kwenye uwanja wangu wa kupuria alizeti. Uwanja huo hauna mlango. Wanafunzi wote watapita kwa miguu mbele ya kigoda changu, asubuhi wakienda na jioni wakirudi, na honi haitahitajika tena katika mkoa huu. Wewe mwenyewe utapita hapo, tutaonana uso kwa uso, na lile suala la nani amwamkie mwenzake tutalimaliza kwa kutazamana. Asnath naye atakuwa analala nyumbani, ingawa hilo nimelitaja tu, wala si sababu.

Tano, nikijua kwamba mambo ya serikali yana hatua zake, kama kuhamisha chuo chote kutachukua muda, basi uanze kwa kuwarudisha wanafunzi wanaotoka Ilongero. Na kama nao ni wengi, anza na mmoja.

Nisalimie walimu wote, mpishi, na mlinzi wa getini, ambaye nina hakika naye wanampigia honi. Nisalimie hata yule mwalimu wa mlango, na umweleze mimi ni nani, kwa urefu. Chrispin na mbuzi wake hawajambo. Yustina anakusalimu pia, ingawa hajui kama nakuandikia.

Nimemaliza, ila bado niko langoni nangoja kuamkiwa.

Mimi mzee wako, au mdogo wako, itategemea,
Gaspari Njiku
(mwenye cheti)

N.B. Barua hii imekaa kwenye mfuko wa koti kwa kukosa mtu wa kuileta. Zamani alikuwa anazipeleka Asnath. Hapo katikati kuna jambo limetokea, nami si mtu wa kuficha, kwa hiyo naliongeza.

Jumatano asubuhi nilikuwa kwenye kigoda. Hakukuwa na mtu njiani. Mama wa ndoo siku hizi anapita nyuma. Nikasikia kwa mbali, huko upande wa zahanati, Noah ya Miraji imepiga honi. Labda kulikuwa na mbuzi, labda kulikuwa na mtu. Mimi nikasema, "Marahaba." Ilitoka yenyewe, na ilitoka kwa sauti. Yustina alikuwa anafagia uwanja, akasimamisha ufagio. Akaangalia njia yote, hakuna mtu. Akaniambia, "Baba Rahabu, hapo ulipokaa unangoja shikamoo, au unangoja mtoto?" Nikamwambia afagie.

Kesho yake nikachukua fimbo nikaenda barabara kubwa mimi mwenyewe, kwa njia ileile aliyokuwa akipita Asnath. Lile korongo limechimbika kuliko nilivyokuwa nalifahamu, hakuna aliyeniambia. Nililivuka kwa mikono na magoti, lakini nililivuka vizuri kuliko wengi wa umri wangu. Nikasimama katikati ya barabara. Miraji aliponiona akaanza kurudi nyuma. Gari lake halisemi linarudi nyuma, lakini nililiona. Nikamnyooshea mkono. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshashuka, na wanafunzi wote wameshuka wamejipanga mstari bila kuambiwa, Philipo ametoa waya masikioni na ameanza kutaja babu yake alizikwa wapi. Janeth alikuwamo, alikuwa amekuja kumwona shangazi yake. Hakunitania. Hilo ndilo lililoniumiza.

Nikawaambia warudi ndani ya gari, watafungiwa mlango. Miraji nikamwambia arudi kwenye njia ya kwangu, dume nimelihamishia malishoni. Akifika langoni apige honi moja, fupi, asishuke. Hiyo honi nitaihesabu kuwa ni shikamoo ya gari zima, na kuwagawia waliomo ndani ni kazi yangu mimi, maana ugavi naufahamu. Akaniuliza, "Na Asnath, mzee, nimwambie nini?" Nikamwambia hakuna cha kumwambia, ampitishe tu hapa langoni Ijumaa asalimie bibi yake. Janeth alisikia. Nadhani yeye ndiye aliyesema mengine.

Ijumaa jioni honi ilipigwa langoni. Godoro lilikuwa juu ya Noah limefungwa kwa kamba, na ndoo juu yake. Mwiko umerudi. Yustina alisema haukutumika vizuri huko.

Leo asubuhi Asnath alikuwa ananitia dawa, ametia jicho moja, honi ikalia nje. Akasema jicho la pili jioni. Akaacha chai nusu, akatoka anakimbia huku anasema shikamoo babu, na honi nyuma yake, nikaona nisiwachanganye, nikasema marahaba moja ikawatosha wote. Kisha nikalisogelea gari nimpe Miraji barua hii akuletee. Akafungua mlango ashuke kuipokea kwa mikono miwili. Nikausukuma mlango nikaufunga, nikampitishia barua dirishani. Nikamwambia, "Kaa hapohapo, watoto wanachelewa."

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, hayo ya juu uyasome yote, maana nimehangaika kuyaandika, ila usiyafanyie kazi. Hasa namba nne, kwa kuwa Yustina ameshasikia habari ya shamba.

Na wewe ukipita Ilongero na gari lako, usihangaike kushuka. Piga honi moja tu. Nitaitika.